Kiboko Iko Apa

Miaka miwili niliyokaa Kalemie, Kongo, nilikuwa mume wa mama mwenye kazi. Mke wangu ni mkunga. Shirika moja lilimchukua akafundishe wakunga wenzake katika vituo vya afya vya mkoa wa Tanganyika, nami nikaomba likizo bila malipo katika sekondari nilikokuwa nafundisha Kiswahili, Morogoro. Tulivuka ziwa kutoka Kigoma na watoto wawili, binti wa miaka sita na mdogo wake wa kiume wa miaka minne. Mke wangu alikuwa akiondoka alfajiri na gari la shirika. Mimi nilibaki na watoto, uji, ndoo za maji, na siku nzima mbele yangu.

Watanzania wenzangu waliokuwa pale walipojua kwamba sina kazi nyingine, walinipa jina la "mama mlezi". Aliyelianzisha alikuwa Mwenyekiti.

Hakuna aliyemchagua mtu huyu kuwa mwenyekiti wa chochote. Alikuwa mfanyabiashara wa magodoro na mabati, ana tumbo lililotangulia na sauti ya mtu anayehutubia hata anapoomba chumvi. Alipotaka kusema aliinua kidole cha shahada na kukiacha hewani mpaka sote tunyamaze. Ukimkatiza, hakukasirika, alikuangalia tu kama unavyomwangalia mtoto aliyekojoa kanisani, kisha akaendelea pale alipoishia.

Kila Jumamosi alitukusanya kwa matembezi ya familia. Nasema matembezi, lakini hakuna aliyetembea. Magari matatu yalitufuata nyumba kwa nyumba, yakatushusha ufukweni karibu na pale mto Lukuga unapotoka ziwani, yakaegeshwa kwa kukingama ili wapita njia wazunguke. Halafu zikashushwa meza, viti vya plastiki, deli la barafu, spika, na mkeka mmoja mkubwa wa watoto. Watoto walitakiwa wakae kwenye mkeka ule. Wangeweza kuingia majini kwa zamu, wakiwa na mzazi. Kucheza na watoto wa pale hawakuruhusiwa. "Tutawarudisha nyumbani hawajui adabu wala lugha," alisema Mwenyekiti.

Lugha ilikuwa ndiyo starehe yao kubwa. Wakishamaliza kulalamikia umeme na barabara ya Kabimba, waligeukia Kiswahili cha wenyeji na kukichambua kama kuku wa sikukuu. Mmoja alisimulia alivyoambiwa na fundi kwamba gari "iko malade", yaani linaumwa. Mwingine alimwigiza msichana wake wa kazi. Walicheka mpaka wakashika mbavu, watu ambao nyumbani walipata shida kuandika barua ya kuomba ruhusa ya ugonjwa. Kisha walinigeukia mimi. "Mwalimu, hebu tuambie, hapo kosa ni nini?" Nami niliwaambia. Nilieleza ngeli, nikaeleza upatanisho wa sarufi, kwenye mchanga, nikiwa na paja la kuku mkononi. Ilikuwa ndiyo heshima pekee niliyokuwa nayo kwenye kundi lile, na niliipokea.

Niliwadharau wote. Lakini Jumamosi ikifika niliwavisha watoto kofia, nikakaa kibarazani kusubiri gari.

Siku za kazi tulikuwa na matembezi yetu wenyewe, na hayo yalikuwa ya miguu kweli. Tulikwenda stesheni ya reli, mahali ambapo treni ilikuja pale ilipojisikia, watoto wakatembea juu ya reli huku wamenyoosha mikono. Tulikwenda bandarini kuangalia maboti yakipakua. Tulisimama darajani tukatema mate mtoni, mchezo alioubuni mwanangu. Popote tulipopita watoto walitufuata wakiita, "Batanzania! Batanzania!" na baada ya miezi miwili wanangu walikuwa wakiitikia kwa lugha ileile. Binti yangu alinishika mkono siku moja sokoni, akaniambia, "Baba, huyu njo rafiki yangu." Nikamsahihisha pale pale, mbele ya huyo rafiki. "Ndiye rafiki yangu." Mtoto mwenzake akanikodolea macho, halafu akamwuliza binti yangu, "Anasema nini?"

Sasa niseme habari ya Jumamosi yenyewe. Mke wangu alikuwa safarini Ankoro kwa wiki nzima, na mimi nilikwenda ufukweni peke yangu na watoto. Tulikuwa familia tano. Hatua kama hamsini kutoka tulipokuwa, wanawake walikuwa wameanika ndakala, wale dagaa wadogo wa ziwani, juu ya mchanga, wakiwageuza kwa mifagio laini. Mmoja wao, mama wa makamo aliyejifunga kitenge cha kwaya ya kanisa lake, aliacha ufagio, akaja mpaka kwenye meza yetu. Alisimama kando kwa heshima, mikono ameikunja mbele.

"Bon, Papa," alimwambia Mwenyekiti, kwa sababu ndiye aliyekalia kiti chenye mikono. "Mutoe batoto mu maji. Kiboko iko apa. Iko na mutoto wake."

Mwenyekiti aliinua kidole. Tukanyamaza.

"Mama," alisema, "si 'kiboko iko'. Kiboko ni mnyama. Ana uhai. Ni 'kiboko yuko'. Sema, kiboko yuko hapa."

Watu waliangua kicheko. Yule mama hakucheka wala hakukasirika. Alitutazama mmoja mmoja, kisha akarudia taratibu zaidi, kwa sauti ya juu kidogo, kama mtu anayezungumza na viziwi. "Kiboko. Iko apa. Na mutoto."

"Mwalimu!" Mwenyekiti aliniita. "Msaidie mama."

Na mimi nilicheka. Nataka jambo hilo lieleweke vizuri. Sikuwa mtu mwema aliyekaa pembeni akiumia moyoni. Nilicheka, nikasema, "Mama, ukitaja mnyama unatumia ngeli ya watu," na meza nzima ikapiga makofi. Mama akatikisa kichwa, akarudi kwa ndakala wake.

Baada ya muda zamu ya wanangu ikafika. Niliwapeleka kwenye maji, pale yanapofika magotini mwa mtoto. Binti alikuwa akirusha maji, akiimba. Mdogo wake alichoka upesi, akatoka, akachuchumaa mchangani hatua chache nyuma yangu na kopo la maziwa ya unga, akawa anachimba kisima. Maji yalikuwa yametulia. Nakumbuka niliona kama jiwe jeusi upande wa kushoto, nikajiuliza kama lilikuwapo Jumamosi iliyopita.

Jiwe likatoa masikio.

Halafu likapumua, sauti kama ya gari kubwa linalotoa upepo wa breki, na kiboko jike akainuka majini, maji yakimtiririka kichwani na mabegani. Hakuwa mbali. Kati yake na sisi kulikuwa na kitu kidogo cheusi kinachoogelea, na hapo ndipo nilipoelewa, vizuri kabisa, bila msaada wa sarufi, maana ya "na mutoto".

Nilimshika binti yangu kwapani, nikakimbia.

Nilikimbia vizuri. Sikujua kwamba bado nina mbio zile. Niliwapita watu, nikapita mkeka, nikapita meza, nikasikia nyuma yangu viti vinavunjika. Sikusimama mpaka nilipofika kwenye ukuta wa mawe ulioko juu ya ufuko. Binti yangu alikuwa ananipiga ngumi mgongoni akipiga kelele, nikadhani analia kwa hofu. Alikuwa analitaja jina la mdogo wake.

Nikageuka. Niliona mambo mawili kwa wakati mmoja, na yote mawili nayaona mpaka leo.

La kwanza ni Mwenyekiti. Alikuwa ndani ya gari lake, vioo vyote vimepandishwa, milango imefungwa kwa ufunguo. Nje ya gari walisimama mke wake na binti zake wawili, wakubwa kidogo kuliko wangu, wakipiga kioo kwa viganja. Mke wake alikuwa akimwita kwa jina lake la utoto, jina ambalo hatukuwahi kulisikia. Naye, mle ndani, alikuwa ameinua kidole cha shahada. Subirini. Kama kwenye kikao.

La pili ni yule mama wa ndakala. Alikuwa anapanda mchanga kwa hatua ndefu, hakimbii, na mwanangu amembana ubavuni kama furushi, miguu inaning'inia. Nyuma yake wanawake wengine wanne walikuwa wakigonga mabeseni kwa miko na kupiga vigelegele usoni mwa yule mnyama. Kiboko alikuwa amesimama juu ya mkeka wa watoto. Alikanyaga deli, barafu ikamwagika. Akafungua kinywa, akakifunga, akatazama mabeseni. Halafu akageuka, bila haraka, akarudi majini kwa mwanawe, na wote wawili wakazama.

Mama alinifikia, akamweka mwanangu chini. Mtoto alikuwa bado ameshika kopo lake.

"Mutoto wako njo huyu?" aliniuliza. Aliuliza kwa kweli, kwa sababu hakuwa na hakika.

"Ndiyo," nikasema.

Akanitazama. "Ulimupita, Papa," alisema. "Mi niliona. Alikuinulia mikono, ukamupita."

Sikusema hata ahsante. Akajifunga vizuri kitenge chake, akaenda kuwaangalia ndakala waliokanyagwa.

Hakuna aliyeumia. Viti vinne vilivunjika, spika ikaingia mchanga. Mwenyekiti alifungua mlango baada ya kiboko kuzama na muda mwingine kupita juu yake, akashuka, akaita watu wakusanye vitu. Mke wake alipanda gari la familia nyingine na binti zake, hakumwangalia. Nami niliwapakia wanangu. Njiani mwanangu aliniuliza swali moja tu: "Baba, hukuniona?" Nikamwambia sikumwona. Huo ulikuwa uongo. Nilimwona. Nilipokuwa nakimbia nilimwona kichwa, kofia ya njano, mikono juu, na miguu yangu ikaendelea.

Mke wangu alirudi Ijumaa iliyofuata, amechoka, ana vumbi la barabarani mpaka kwenye kope. Sikumwambia. Nilisema tulikwenda ufukweni, kiboko alitokea, tukaondoka. Binti yangu alikuwa ameshalala. Mke wangu akasema, "Poleni," akala, akalala.

Jumamosi yake tukaenda sote. Mwenyekiti alikuwa ametuhamishia kwenye bustani ya nyumba ya wageni, yenye ukuta na lango. Viti vipya, deli jipya. Tulipokaa, akainua kidole.

Alisimulia tukio. Alilisimulia vizuri, lazima nikiri. Katika masimulizi yake, yeye ndiye aliyemwona kiboko kwanza. Akili yake ikafanya kazi haraka: mnyama yule anaogopa honi. Akakimbilia gari, akafunga vioo ili mlio usiwatie watoto kiwewe. Alikuwa karibu kupiga honi pale kiboko alipoliona gari na kurudi nyuma. Hakuna aliyeuliza kwa nini mke na watoto waliachwa nje. Watu wazima wale, walioona kwa macho yao, wakaitikia kwa vichwa. Mhasibu mmoja akasema, "Uongozi ni kufikiri." Mke wa Mwenyekiti alikuwa akimenya chungwa. Alilimenya mpaka likaisha ganda, akaendelea kumenya.

"Na tusimsahau Mwalimu," Mwenyekiti akasema, akinigeukia kwa tabasamu. "Mimi namtania kwamba ni mama mlezi, lakini siku ile alikuwa mwanaume. Alimbeba binti yake mbele ya kinywa cha mnyama. Tumpigie makofi."

Alikuwa ameniona nikimpita mwanangu. Nilielewa mara moja. Alinipa ushujaa wangu ili nimwachie wake. Wakapiga makofi, na mke wangu akaniangalia kwa mshangao na furaha kidogo, akaanza kupiga makofi naye. Nami nikainamisha kichwa kama mtu mnyenyekevu.

"Na mdogo wangu alibebwa na mama wa samaki," akasema binti yangu. Alikuwa amesimama karibu na meza, ana soda mkononi. Hakusema kwa ubaya. Alikuwa anakamilisha habari. "Baba alimsahau."

Mikono ya mke wangu ilibaki hewani. Mtu akauliza kama nyama imeiva. Mwenyekiti akasema watoto wana mawazo mengi, akaagiza muziki uongezwe.

Mke wangu hakuzungumza mpaka tulipofika nyumbani. Aliwaogesha watoto mwenyewe, akawavalisha, kisha akaja kusimama mlangoni mwa jiko, taulo begani.

"Ulimpita?"

"Nilimpita."

"Ulimwona?"

Nilifikiri kumwambia nilichomwambia mtoto. "Nilimwona."

Akakaa kwenye kigoda. Yeye ni mkunga, ameona wanaume wengi wakizimia, wakikimbia, wakilia nje ya mlango. Nadhani nilitaraji anisamehe kwa ujuzi wa kazi. Hakunisamehe, wala hakupiga kelele. "Nimekaa mezani na watu wale nikakupigia makofi," alisema. "Umeniacha nipige makofi." Baadaye akasema, "Kesho baada ya ibada utanipeleka kwa huyo mama."

Tulimkuta nyumbani kwake, nyumba ya matofali karibu na ufuko, amevua viatu vya kanisani. Ukoo wake umekaa pale tangu zamani, wanavua na kulima. Alituletea viti, akamshika mwanangu kidevu, akacheka. Mke wangu alipiga magoti kumsalimu na kumshukuru, jambo ambalo sijapata kumwona akimfanyia hata mama yangu. Mimi nilisema nilichokuja kusema: kwamba nilifanya vibaya kumpita mtoto, na nilifanya vibaya zaidi kumcheka yeye alipokuja kutuonya.

Mama alinishangaa. "Mulikuwa munanicheka?"

Nikaitikia kwa kichwa.

"Mi nilizani hamusikie Kiswahili," alisema. "Njo maana nilirudilia mara mbili. Nilisema, aba bantu, maskini, batoto babo batakufa juu ya luga."

Mke wangu alijaribu kujizuia, akashindwa. Alicheka mpaka akaegemea ukuta, na mama akacheka kwa kumwona yeye, na wanangu nao wakacheka bila kujua sababu. Mimi, mwalimu wa Kiswahili kwa miaka kumi na moja, nilikaa kwenye kiti nilicholetewa na kungoja wamalize.

Tangu siku hiyo hatukwenda tena kwa Mwenyekiti. Jumamosi tulishuka kwa miguu mpaka kwa akina mama wa ndakala, upande ule ambao wao wenyewe wanaogeshea watoto wao, penye maji mafupi na mchanga mweupe. Binti yangu alifundishwa kugeuza dagaa kwa ufagio bila kuwavunja. Mimi nilipewa kazi ya kufukuza kunguru, na nilifuatiliwa: kila mara mama alimtuma mtu aangalie kama bado nipo, na mwanangu yuko wapi. Sikustahili kuaminiwa, wala hawakujisumbua kujifanya wananiamini. Nilikula bukari, ugali wao, na samaki aina ya mikebuka wa kuchoma pamoja nao, nikakaa mahali nilipoambiwa nikae.

Kuhusu wale wengine, matembezi yao yaliendelea ndani ya ule ukuta wa nyumba ya wageni. Nasikia kiboko aliongezeka ukubwa kila mwezi, na kwamba mwishoni honi ilipigwa kweli, mara tatu.

Miezi michache kabla hatujarudi nyumbani, Jumamosi moja asubuhi, niliona mwanamke anakuja kwa miguu kwenye mchanga, amewashika mikono wasichana wawili. Alikuwa mke wa Mwenyekiti. Alisimama mbali kidogo, hajui aanzie wapi, mpaka mama wa ndakala alipomwonyesha mahali pa kukaa kwenye mkeka.

"Anajua mko hapa?" nilimwuliza alipokaa.

"Anadhani tuko kwa mshonaji," alisema. Halafu akawavua binti zake magauni, akawaambia waende majini na wenzao, na alipoona wanasitasita, akainuka akaenda nao.